Sahihi ya Jumatatu

"Ng'ombe wangu amekula mistari miwili ya nyasi zako za nepia, Mama Sharon. Mume wako amekula nyumba yangu yote, na mimi bado sijakushikia panga."

Hapo ndipo ugomvi ulipoacha kuwa wa ng'ombe. Kabla ya hapo Esnah, huyo Mama Sharon, alikuwa ameshasema mengi: kwamba mnyama hawezi kuwa na adabu ambayo hajaiona nyumbani kwake, kwamba ua haukupandwa uwe pambo, kwamba kuna watu wakipewa njia hudai na boma. Jirani yake Jacinta, mwenye ng'ombe, alikuwa amejibu kila neno huku akimvuta ng'ombe kwa kamba, na ng'ombe, kama aliyeona mambo yamekuwa ya wakubwa, akaendelea kutafuna.

Watu wa Gesima wana adabu zao. Hakuna anayetoka nje kutazama ugomvi. Mtu hutoka kuanika nguo, au kumtafuta kuku, au kuangalia kama mvua itanyesha. Asubuhi hiyo ya Jumanne zilianikwa hata nguo ambazo hazikuwa zimefuliwa.

"Sahihi moja tu," Jacinta aliendelea. "Kalamu ingeisha wino? Mzigo wa mume wangu Nyakundi umelala kiwandani wiki mbili, wenye lori wanatupigia simu mpaka tumezima, kwa sababu ya sahihi moja ya mume wako."

"Mume wangu hatii sahihi migomba, Mama Maureen," Esnah akasema. "Kile kiwanda huchoma kuni."

Kwenye kamba za nguo watu wakacheka, na Esnah akajua amepata bao. Alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye jibu kabla hujamaliza swali, na wenzake walimpenda na kumwogopa kwa hilo. Aliinama kuokota nepia alizokuwa amekata, maana ukishafunga bao huna haja ya kukaa uwanjani.

Jacinta hakupandisha sauti. Aliishusha.

"Basi muulize hiyo Jumatatu aliyokataa ilikuwa ya ngapi. Muulize ni Jumatatu ngapi ametia sahihi kuni za Jumamosi bila kuziona kwa macho. Kwani ulidhani Nyakundi ameanza kupanga migomba juzi?"

Alikuwa amemshtaki mumewe mwenyewe mbele ya kijiji kizima na hakujali. Akamgeuza ng'ombe, akamchapa mgongoni kwa kiganja, akashuka zake. Esnah alibaki na mzigo wa nepia kifuani, akatafuta jibu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe sehemu hizo hakulipata. Waliokuwa wanatafuta kuku waliingia ndani.

*

Manasseh, mume wa Esnah, alikuwa karani wa kuni katika kiwanda cha chai. Kazi yenyewe ukiielezea haraka ni ndogo. Malori yanaleta kuni za mikaratusi, wapakuaji wanazipanga uwanjani kwa mita, karani anapita na kijiti chake cha kupimia, anagonganisha vipande viwili asikie kama vimekauka, kisha anatia sahihi karatasi ya kupokea mzigo. Bila sahihi hiyo mwenye kuni hapati malipo. Kuni zinakwenda kwenye boila, boila inakausha majani ya watu, na kinachobaki baada ya gharama zote ndicho mkulima anapewa mwisho wa mwaka kiitwe bonasi.

Mwaka huo bonasi ilikuja ndogo hivi kwamba watu waliiangalia kwenye simu wakidhani ujumbe umekatika. Kiwanda kikasema bei ya chai imeanguka huko nje, mafuta ya malori yamepanda, na lazima watu wapunguzwe. Kila mmoja alitazama mwenzake.

Ndipo ikaja ile Jumatatu ambayo kijiji chote kiliijua. Manasseh aliingia uwanjani asubuhi, jua linawaka, siku ya nne bila mvua, akaona maji yanachuruzika chini ya rundo la kuni za Nyakundi, jirani yake. Kuni hazitoi maji. Aliingiza mkono, akavuta, akavuta tena, na katikati ya mikaratusi mizuri ya nje akatoa shina la mgomba lililokatwa sawasawa kwa urefu wa kuni. Kisha la pili. Waliohesabu walisema yalikuwa arobaini, na kufikia jioni yalikuwa mia. Manasseh akakataa kutia sahihi.

Sabato iliyofuata mzee wa kanisa alimwita mbele aombe. Wiki iliyofuata ikatoka orodha ya watu kumi na mmoja wa kwenda nyumbani, na jina la Manasseh lilikuwa la tatu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Orodha iliandikwa na Angwenyi, msimamizi wa ununuzi, na Angwenyi ndiye aliyempa Nyakundi kazi ya kuleta kuni. Kwa siku hizo zote Esnah alikuwa ametembea kichwa juu. Kukosa kazi kwa sababu ya haki ni msiba, lakini ni msiba unaoweza kuusimulia kisimani.

Sasa alimkuta mumewe nyuma ya nyumba akipigilia mbao za zizi. Aliweka nepia chini, akamwuliza kama alivyoulizwa, neno kwa neno.

Manasseh alipigilia msumari uliokuwa mkononi mpaka ukaisha. Halafu akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

Alieleza bila kujificha, na hilo ndilo lililomuudhi Esnah zaidi, maana mtu akijificha unajua pa kuanzia. Alisema Jumamosi yeye huwa kanisani na uwanja hushikwa na Mose. Lakini Mose ni kibarua, na kibarua haruhusiwi kutia sahihi. Kwa hiyo malori ya Jumamosi yalipokelewa na Mose, na Jumatatu asubuhi karatasi zilimngoja Manasseh mezani. Wakati huo kuni zenyewe nyingi zilikuwa zimeshaingia kwenye boila. Alitia sahihi majivu. Hiyo Jumatatu ya migomba boila ilikuwa imefungwa ikitengenezwa, ndiyo sababu rundo lilikuwa bado limesimama.

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Na nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Angwenyi. Alisema, sisi tunaiheshimu Sabato yako, nawe Jumatatu utusaidie." Manasseh aliipapasa nyundo. "Wengine walikuwa wanalazimishwa kufanya kazi siku zao za ibada, Mama Sharon. Mimi nilimwona mtu mwema. Nilimwombea."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa kanisani unaimba, na jina lako limebaki kiwandani linafanya kazi."

Manasseh alichukua msumari mwingine. Esnah alirudi jikoni, akakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Alikuwa anafikiria kisima. Kesho kila ndoo ingekuwa na habari hiyo.

*

Kesho yake, Jumatano, Mose alikuja kwa bodaboda, akamlipa mwenye pikipiki mbali na lango ili asionekane. Alikuwa mtu mzima wa watoto watano, mwenye mazoea ya kuzungumza akiwa amesimama, kwa sababu hakuna kiti kiwandani kilichowahi kuwa chake. Esnah alimpa chai, naye akainywa akiwa wima mlangoni.

Ujumbe ulikuwa wa Angwenyi. Ile karatasi ya Jumatatu bado iko kwenye droo, safi. Kesho Alhamisi wakurugenzi wanakutana kupitisha orodha. Manasseh akifika mapema na kuitia sahihi, jina lake litatolewa na maisha yaendelee. Mose aliusema wote kwa mpigo mmoja kama mtoto anayesoma aya ya kukariri, kisha akapuliza chai ambayo tayari ilikuwa imepoa.

"Orodha ni ya watu kumi na mmoja," Manasseh akasema. "Nikitoka?"

"Lazima watimie."

"Ataingia nani?"

Mose alitazama ndani ya kikombe. "Gladys wa jikoni."

Gladys alikuwa mjane aliyewapikia wafanyakazi chai na ugali. Esnah alimfahamu vizuri. Waliuziana mboga, walitaniana. Akajikuta anapiga hesabu ambayo hangependa mtu aione: Gladys ana watoto wawili tu, na wote wameshatoka shule ya msingi, Gladys ana kaka Nakuru mwenye duka, Gladys anajua kuuza mandazi. Aibu ilimpanda, lakini hesabu haikufutika. Yeye alikuwa na Sharon kule Kisii mjini, mwaka wa mwisho wa uuguzi, na chuo hakimsubiri mtu.

Mose alipoondoka, Esnah alifunga mlango wa jikoni ijapokuwa ilikuwa mchana.

Alimweleza mumewe kwa utulivu, na Esnah akiwa mtulivu ni hatari. Alimwambia yeye si Musa wa kuvusha watu bahari. Kuni zimeungua, chai imeuzwa, bonasi imeshaliwa. Karatasi moja zaidi haitaongeza dhambi wala kupunguza. Manasseh akasema atakwenda Alhamisi, ila atakwenda kuwaambia wakurugenzi, kwa kuwa wao ni wakulima waliochaguliwa na wakulima, na majani ya Esnah mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yanakaushwa kwa migomba iliyoandikwa kuni vitabuni.

"Basi sema ya migomba," Esnah akasema. "Ile moja uliyoiona. Ya Jumatatu zingine nyamaza. Nani atakuuliza?"

"Watauliza Angwenyi amefanya hivyo mara ngapi."

"Sema hujui."

"Najua. Karatasi zina jina langu."

"Watakufukuza kama mwizi, Manasseh. Sasa hivi unakwenda nyumbani kama mtu aliyeonewa. Ukisema yote utakwenda kama mwizi, na hata kazi ya kuhesabu mbuzi hutapewa."

Alimwita Manasseh mara chache sana. Kwa kawaida alikuwa Baba Sharon. Mumewe alilisikia hilo jina. Akasema polepole kwamba akitoa moja nyingine itafuata, kwa kuwa zimefungwa kwa kamba moja. Esnah akamwambia kamba ni yeye anayeishika. Waliishia hapo, na chakula cha jioni kililiwa kama dawa.

Alhamisi asubuhi Esnah alikuwa ameapa kwamba haendi naye. Lakini alitia makaa kwenye pasi, akalipiga shati la mumewe kwa hasira mpaka kola ikasimama kama ya kasisi, kisha akavaa viatu vyake vya kanisani. Alisema anakwenda kumwona mtu karibu na kiwanda. Manasseh hakuuliza ni nani.

*

Langoni mlinzi alitoa kitabu cha wageni.

Kwa miaka tisa mlinzi huyo alikuwa amefungua lango bila kumtazama Manasseh, kwa jinsi mtu anavyomfungulia ndugu yake. Miaka yote hiyo Manasseh alimletea ndizi mbivu. Sasa aliuliza jina, namba ya kitambulisho, na sababu ya kuja, na alipofika kwenye sababu hakuinua macho. Manasseh aliandika: mkutano. Mlinzi akasema wageni wanaingia kwa mlango mdogo. Esnah alitaka kumwambia neno moja tu, akalimeza, likashuka likiwa na kona.

Walikalishwa kwenye benchi nje ya ukumbi, chini ya dirisha lenye kioo kilichovunjika. Kwenye benchi la pili walikuwapo Nyakundi na Jacinta, maana Nyakundi naye alikuwa ameitwa kuhusu mzigo wake. Wanaume wawili waliamkiana kwa vidole. Wanawake walitazama ua wa kiwanda, kila mmoja upande wake, kwa umakini ambao ua huo haukuwahi kupewa na mtunza bustani.

Gladys akapita na sinia ya wakurugenzi. Alipotoka alirudi na vikombe viwili ambavyo hakuna aliyemtuma, akampa Esnah kimoja na Jacinta kimoja. Alikuwa na unga kwenye kipaji cha uso na slipa zisizofanana.

"Kunywa, Mama Sharon. Leo Mungu atawatetea, utaona," akasema. "Mimi nilimwambia Mose, huyo mzee akienda, hiki kiwanda kitabaki na watu wa aina yetu tu, wa kukubali."

Akacheka mwenyewe, akarudi jikoni kuangalia sufuria yake. Hakujua lolote. Esnah alikishika kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa nzuri, ya maziwa mengi. Aliyakumbuka yale mahesabu yake ya jana, watoto wawili, kaka wa Nakuru, mandazi, akayaona kama nguo za ndani zilizoanikwa barabarani.

Mlango ukafunguliwa, Manasseh akaitwa. Alisimama, akajivuta shati. Esnah akamshika mkono wa shati kabla hajapiga hatua.

"Baba Sharon," akasema. "Na zile Jumatatu zingine pia."

Manasseh alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Halafu akaitikia kwa kichwa, akaingia.

Waliobaki nje walisikia kila kitu kupitia kioo kile. Mwenyekiti, mzee Ogoti, mkulima wa chai kama wao mwenye sauti ya kukwaruza, alimwacha Manasseh aseme mpaka mwisho: migomba, karatasi ya kwenye droo, jina lililotakiwa kuingia badala ya lake. Kisha Jumatatu moja baada ya nyingine. Ndani, kijiko kikawekwa kwenye sahani.

"Hizo kuni za Jumamosi uliziona?" Ogoti akauliza.

"Sikuziona."

"Ukatia sahihi."

"Nilitia."

Mtu mmoja alicheka puani. Sauti ya Angwenyi ikasema, bila haraka, kwamba waheshimiwa wameona wenyewe, mshtaki amejishtaki, na kazi ya siku hiyo imekuwa rahisi. Aliitwa Nyakundi. Alikaa ndani muda mfupi. Alisema yeye ni mtu wa miti. Anakata, anakodi lori. Wapakiaji wanapanga nini katikati yeye hajui. Alipoulizwa kama kuna mtu kiwandani anayegawana naye malipo, alikohoa, kisha akasema hajui pia. Jacinta, kwenye benchi lake, alifumba macho.

Uamuzi ulitoka kabla ya saa sita. Angwenyi akae pembeni mpaka vitabu vikaguliwe. Nyakundi asilete tena hata kijiti. Kuhusu Manasseh, Ogoti alitoka mwenyewe mpaka kwenye benchi, akavua kofia.

"Bwana Manasseh, tumekushukuru, na nasema kwa moyo. Lakini mkulima akiniuliza kwa nini karani aliyepokea kuni bila kuziona bado yuko hapa, nitamjibu nini? Orodha inabaki vile ilivyo."

"Nimeelewa, mzee."

"Unaelewa?"

"Ningekuwa mimi, ningefanya hivyo hivyo."

Waliondoka kwa mlango mdogo. Njiani Manasseh alisema shati linamkaba, na Esnah akamfungua kifungo cha juu bila kusimama.

*

Ijumaa habari ilikuwa imefika kila mahali, na kila mahali ilikuwa na mavazi tofauti. Kisimani Manasseh alikuwa amelia. Katika soko la Manga alikuwa amempiga Angwenyi kofi. Kuna aliyesema kwamba amejifukuza mwenyewe, na huyo hakuwa mbali na ukweli. Sharon alipiga simu. Alikuwa ameshasikia kutoka kwa msichana wa Ogembo ambaye hata hawafahamiani. Alimwambia mama yake ataomba chuo kimruhusu asimamishe masomo muhula mmoja, afanye kazi katika duka la dawa, arudi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi ya kutolia. Esnah akamwambia asiseme mambo ya kusimama kwanza.

Alipika mapema, kama ilivyo Ijumaa kwa Wasabato, ili jua likizama jiko lisiwe na kazi: chinsaga, ile mboga ya mgagani, iliyochemka na maziwa tangu asubuhi, ugali wa wimbi, na kuku mmoja ambaye kwa akili ya kawaida angeachwa atage. Alimchinja huyo kuku kwa ukaidi. Nyumba ikinyimwa kazi isinyimwe na Sabato. Manasseh alikuwa amelima tangu alfajiri. Sasa alikuwa ameoga na kuketi kibarazani akipiga viatu rangi.

Nyakundi alibisha hodi akiwa bado nje ya uzio. Hakuwa mtu wa kubisha hodi; miaka yote aliingia akianza kusema tangu njiani. Nyuma yake, barabarani, Jacinta alikuwa amesimama ameinua simu kama anatafuta mtandao mahali ambapo mtandao haujawahi kukosekana.

Manasseh alimwonyesha kiti. Nyakundi hakukaa.

"Jana nilikuwa na neno mdomoni," akasema, "nikalirudisha. Katika kila malori matatu, malipo ya lori moja yalikuwa ya Angwenyi. Nisingempa, nisingepata kazi. Ndipo nikaanza kujaza migomba, nami nipate kitu. Nilikusikia dirishani unajitaja mwenyewe, na bado nikanyamaza. Nilidhani nikinyamaza watanirudisha."

"Hawakukurudisha."

"Hawakunirudisha." Alikuna shingo. "Jana jioni nilienda kwa mwalimu mkuu mmoja huko Manga, shule ya wasichana ya kulala. Wanapikia kuni. Nikamwambia nina mikaratusi imekatwa imelala shambani. Akaniuliza mimi si ndiye wa migomba. Nikasema ndiye. Akasema hataki kuniona. Nikiwa mlangoni akaniita. Akasema, lakini kama atakayepima ni yule karani aliyejisema mwenyewe, leta. Kila mwezi. Bila huyo, usilete. Sasa mimi nimekuja—"

Esnah alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alisikia "kila mwezi", na kifua chake kikaruka mbele ya akili yake. Wakati huohuo alitamani kumpiga Nyakundi na mwiko huo. Mtu huyu alikuwa amenyamaza jana huku mwenzake akizama, na leo amekuja kuukodi uaminifu wa mumewe kama anayekodi lori.

Manasseh aliinua mkono. Hakuwa anamtazama Nyakundi. Alikuwa anatazama kilima cha Manga, ambako jua lilikuwa limebakisha mstari mwembamba, kisha likawa halina.

"Jua limezama," akasema. "Mambo ya kazi siyazungumzi tena mpaka kesho jioni."

Nyakundi alibaki na mdomo wazi. "Baba Sharon, ni maneno mawili tu yamebaki."

"Ni ya kazi?"

"Ni ya kazi."

"Basi yalale."

"Kesho jioni nina sala ya jumuiya nyumbani kwangu. Na Jumapili mimi nina misa."

"Basi ni Jumatatu. Asubuhi, shambani kwako, kabla hazijapangwa. Nizione moja moja. Kama zinapimika tutazungumza, na kama hazipimiki nitarudi kulima."

Nyakundi akaitikia mara kadhaa. Sasa hakuwa na neno lililoruhusiwa, na mtu ambaye maneno yake yote yalikuwa ya biashara hajui afanye nini na mikono. Alitazama kofia yake, akatazama barabarani kwa mkewe, akasema basi wacha waende.

Esnah alirudi ndani. Alisikika akihamisha sufuria, akitoa sahani, na kuongeza sahani. Kisha akapita katikati ya wanaume wawili bila kuwatazama, akashuka mpaka barabarani, akasimama mbele ya Jacinta, ambaye alishusha simu.

"Nimemsindikiza tu," Jacinta akasema. "Siingii."

"Sijasahau uliyonisema Jumanne mbele ya watu."

"Najua. Na siwezi kusema yalikuwa uongo."

"Hayakuwa uongo. Yangekuwa uongo ningekujibu, wewe unanifahamu."

Jacinta karibu acheke, akajizuia. Alisema kwamba jana kwenye benchi alipomsikia mumewe anasema hajui, alitamani kwenda kukaa upande wa pili, kwenye benchi la Esnah. Alisema hajalala. Esnah alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Hakumwambia kwamba yameisha, kwa kuwa hayakuwa yameisha. Sharon bado alikuwa Kisii na muhula wake ulioning'inia, na Jumatatu ilikuwa mbali. Juu kibarazani Nyakundi alikuwa hatimaye ameketi, ncha ya kiti tu.

"Mwenzako ameshakaa," Esnah akasema. "Mambo ya kazi yamekatazwa, ya ugomvi pia yamekatazwa, sijui tutazungumza nini. Lakini kuku nimechinja, na chinsaga ikipoa si chinsaga tena. Ingia tule, Mama Maureen."